Mikumi ya dirishani

Ukikulia Iringa na kusomea Dar, sekunde zile unazijua. Basi limeshateremka Kitonga, abiria wameshanunua vitunguu vyao Ruaha Mbuyuni, mji wa Mikumi umebaki nyuma na nusu ya watu wamelala midomo wazi. Utingo anapaza sauti: "Kulia hapo, twiga!" Basi zima linahamia kulia. Aliyekaa kushoto anamkanyaga mwenzake bila hata kuomba radhi. Simu zinatoka. Kabla hujajua kama ulichokiona ni twiga au ni mti mkavu, mmeshapita, na jirani yako anakupa pole kwa furaha: "Ah, umekosa!"

Nikihesabu miaka ya chuo, misiba, harusi na Krismasi, mimi nimepita pale si chini ya mara sitini. Mama yangu ananizidi kwa mbali. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa anafuata vitenge Kariakoo, anapanda basi Ipogolo alfajiri, analala Dar usiku mmoja kwa dada yake, anarudi na robota. Kwa hiyo mwaka jana nilipompigia kumwambia nataka tukatembelee Hifadhi ya Mikumi, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mikumi? Mikumi naijua."

"Unaijua ya dirishani, mama."

"Sasa unataka tutoe hela tukaangalie nyani? Nyani si wako pale barabarani, bure?"

Sikuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka uzeeni huu wa miaka 36. Barabara ya Dar hadi Iringa inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na mtu akishapita kilomita hamsini za kitu chochote mara sitini anajiona mwenyeji. Lakini hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 3,230. Sisi wa mabasi tunaujua ukanda mmoja mwembamba, upana wake ni pale macho yanapoishia kwenye vichaka, na tunaujua kwa mwendo wa gari.

Aliyemshawishi mama si mimi, ni mpwa wangu wa miaka kumi, ambaye shule zilikuwa zimefungwa na alikuwa kwangu Dar. Alichukua simu akamwambia, "Bibi, mimi sijawahi kuona simba, na wewe umezeeka." Likizo ya Juni ikawa na kazi.

Tulikutana katikati, jambo ambalo mpaka leo linanichekesha. Mama alitoka Iringa na basi lake la siku zote, sisi tukatoka Dar kwa treni ya umeme, chini ya saa mbili tuko Morogoro, kisha stendi ya Msamvu kutafuta basi la kuelekea Mikumi. Mama alishuka mji wa Mikumi na kikapu kana kwamba anakwenda kumwona mgonjwa: ndizi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai na sweta tatu. Sweta zile nilizidharau jioni, asubuhi nikaomba moja.

Niseme jambo moja kuhusu hela, kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi tangu nirudi. Watu wanadhani hifadhi ni ghali. Kiingilio cha Mikumi kwa Mtanzania mtu mzima tulilipa shilingi 5,900, na mtoto 2,360. Watatu sisi hatukufika elfu kumi na tano. Mgeni kutoka nje analipa dola 30 kabla ya kodi, kwa hiyo tusilie sana. Kinachokula hela ni gari. Gari la wazi la kuzunguka asubuhi moja lilitula zaidi ya mara kumi ya kiingilio, na kama hatungechangia na vijana wawili wa Mbeya tuliokutana nao gesti, ningerudi Dar kwa miguu. Ndiyo maana vikundi vya kina mama na shule wanakodi kosta nzima, na wana akili. Jambo lingine: getini hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo fanya hayo usiku ukiwa na mtandao, usije ukasimama getini unatafuta minara huku simba wanamaliza kula.

Dereva wetu alikuwa Mgogo, na hilo mama aliligundua kabla hatujafunga mlango. Wahehe kama sisi na Wagogo ni watani, na utani mkubwa ni kwamba Mhehe anakula mbwa. Mama alimsalimia kwa Kihehe "Kamwene!" kwa makusudi kabisa, dereva akashika kichwa, "Jamani, nimebeba Mhehe! Leo wanyama wote watajificha." Tukiwa tumeingia geti la Kikoboga kama dakika kumi, bweha mmoja akakatiza mbele yetu akapotelea majanini. Dereva akazima injini, akageuka taratibu. "Unaona mtani? Amesikia tu harufu yako. Ndugu zake mbwa wameshampa taarifa." Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nilijua siku imenyooka.

Uwanda wa Mkata ndio ulioniumbua. Kaskazini mwa barabara ile ninayojidai kuijua kuna uwanda mpana wa nyasi, umezungukwa na milima: Uluguru nyuma yako upande jua linakotokea, Rubeho mbele. Katikati ni wazi. Punda milia, nyumbu, swala pala, nyati kwa mbali kama mawe meusi. Kwenye basi hujui kama uwanda huo upo, kwa sababu vichaka vya kando ya lami vinakuziba.

Dereva alitufundisha jambo la lugha pale. Tunasema mbuga ya wanyama kwa kila kitu, na watu wa hifadhi wanatusahihisha kila siku: mahali hapa kisheria ni hifadhi ya taifa. Lakini mbuga kwa asili yake ni uwanda wa majani wenye udongo mweusi, ule unaotuama maji masika na kupasukapasuka kiangazi. "Kwa hiyo hapa mlipo," akasema, akigonga mlango wa gari, "ndani ya hifadhi, hii sasa ndiyo mbuga." Masika udongo huo unageuka gundi. Aliwahi kulala humo na wageni wake, gari limezama hadi kwenye ekseli, usiku mzima wakisikiliza fisi. Kwa hiyo nasi wa Juni tujione tuna bahati: majani yameanza kukauka, njia ngumu, baridi ya kutosha kuwafanya wanyama wasikimbilie vivulini saa tatu tu asubuhi.

Na mkumi wenyewe? Mpwa wangu aliuliza. Ni ule mti wa jamii ya mnazi wenye kiuno kinene, ambao wengine tunauita mvumo. Dereva alituonyesha mmoja. Mama akasema amepita miaka yote hiyo akidhani Mikumi ni jina la mtu.

Simba tuliwaona. Nitasema haraka, kwa sababu kila anayekwenda hifadhini anataka kukusimulia simba: walikuwa jike wawili chini ya mti, wamelala, mmoja amenyanyua mguu juu kama paka wa nyumbani. Walikaa hivyo nusu saa. Magari matano yaliwazunguka. Mpwa wangu aliyeanzisha safari nzima kwa ajili ya simba alichoka baada ya dakika nane, akauliza kama kuna mayai yamebaki.

Kilichonishika ni twiga. Yule yule twiga wa "umekosa!". Tulimkuta kando ya dimbwi akitaka kunywa maji, na dereva akasema tusubiri. Sikujua kwamba kunywa maji kwa twiga ni shughuli. Alisimama. Akatazama kulia, kushoto, nyuma, akatutazama sisi. Akatanua miguu ya mbele kidogo, akasita, akairudisha. Akaanza upya. Ilimchukua dakika kama kumi kuamua, kwa sababu akishainamisha shingo ile hana ujanja: miguu imetanuka, kichwa kiko chini, na akivamiwa hawezi kunyanyuka mara moja. Hatimaye akanywa, mafunda machache, kisha akanyanyuka kwa kishindo na matone yakaruka juu kama mtu aliyekung'uta nguo. Twiga ni mnyama wa taifa, yuko hata kwenye ndege zetu, na mimi mtu mzima sikuwahi kumwona akifanya chochote. Nilikuwa nimemwona akiwa amesimama tu, mara sitini.

Mama naye alikuwa na vita yake. Aliamka akavaa kitenge cha bluu iliyokoza, kizuri kweli, kile cha kwenda nacho kanisani. Tulipopandisha upande wa kusini kwenye misitu ya miyombo, ndorobo wakamwandama yeye tu. Dereva akatuonyesha vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotundikwa kwenye miti njiani: ni mitego, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. "Mtani, wewe umejivika mtego mzima." Kwa mtu aliyeuza vitenge miaka ishirini, kuambiwa kwamba ameharibu kwenye rangi ni tusi. Akavua sweta la kijivu akajifunika nalo kiunoni, akanyamaza kwa hasira, akampiga ndorobo mmoja kwa kiganja mpaka gari likalia.

Hapo bwawa la viboko, mahali pekee katika mzunguko wetu tuliporuhusiwa kushuka, ndipo tulipokunywa chai. Viboko ni migongo na makelele, harufu siisemi.

Saa nne kasoro tulikuwa tunarudi kuelekea getini. Kundi la tembo, nilihesabu kumi na wanne pamoja na wadogo, lilikuwa limesimama kwenye majani karibu na lami. Halikuwa likila. Lilikuwa limesimama tu, likielekea barabarani. Dereva akasogea kwa mbali akazima injini.

"Wanataka kuvuka," akasema.

Malori yakawa yanapita. Unajua malori ya barabara ile: ya Zambia, ya Kongo, ya Malawi, yana shaba, yana mafuta, yana haraka. Kuna matuta na alama za mwendo, na kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake kwa dola, ambalo abiria wote tumelisoma tukacheka, tukauliza nani atanunua nyani kwa bei ile. Pale ndani ya gari lililozimwa halikunichekesha. Dereva alisema barabara ilikuwapo kabla ya hifadhi. Hifadhi ilitangazwa 1964, na kwa tembo mwenye maji upande mmoja na malisho upande wa pili, tarehe haimsaidii. Asubuhi nyingi dereva anakuta mzoga. Nyani hasa. Nyani wamejifunza kwamba mabasi yanatupa chakula, kwa hiyo wanakaa kando ya lami wakisubiri, mama na watoto mgongoni.

Sikumwambia mtu yeyote ndani ya gari lile, lakini nitaandika hapa: nilipokuwa na umri wa mpwa wangu nilikuwa natunza maganda ya ndizi tangu Ruaha Mbuyuni kwa ajili ya nyani wa Mikumi. Mama ndiye aliyekuwa akinifungulia dirisha. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatazama mikono yake.

Pengo likapatikana. Jike mkubwa akatangulia, akasimama katikati ya mstari mweupe, mwili mzima umeelekea upande wa Iringa, masikio wazi. Wengine wakapita nyuma yake, wadogo katikati, bila kukimbia. Na upande wa Iringa likatokea basi. Likapunguza. Likasimama. Mama akasimama kwenye gari letu.

"Hilo ni la saa kumi na mbili," akasema. "Hilo ndilo langu."

Ulikuwa muda wake kabisa. Basi lililotoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, basi lake la miaka yote. Na ndani yake, kwenye vioo vyote vya upande wetu, nyuso. Watu wamebanana, simu zimeelekezwa, mtu amepanda juu ya mwenzake, mtoto amebandika pua kwenye kioo. Kwa macho ya tembo, nadhani, ndivyo tunavyoonekana siku zote: sanduku refu lililojaa nyuso upande mmoja. Mama akaanza kupunga mkono. Alipunga mikono yote miwili, sweta limeanguka, kitenge cha bluu hadharani. Mtu mmoja ndani ya basi akampungia. Tembo wa mwisho akaingia vichakani, utingo akagonga bodi, basi likaondoka.

Kesho yake nilitaka tupumzike. Mama akauliza ile milima tuliyoambiwa ina maporomoko iko wapi.

Kutoka mji wa Mikumi kwenda Mang'ula, chini ya milima hiyo, ni kama saa moja na nusu, kusini kwa njia ya Ifakara. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, mto uleule tunaoufuata kwa basi kule Ruaha Mbuyuni, na mama alifurahi kuuona huku kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Kisha miwa. Miwa mpaka unachoka. Na kulia, ukuta wa milima ya Udzungwa uliovaa msitu kuanzia kwenye shamba la mwisho kwenda juu hadi mawinguni. Hifadhi hii ni ya 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara. Unapanda kwa miguu au unabaki chini. Kwa mfuko wangu, hizo zilikuwa habari njema.

Maporomoko ya Sanje yanashuka karibu mita 170, kwa ngazi. Mzunguko wake ni saa nne, wengine zaidi. Niliwaza magoti ya mama ya miaka 61. Kumbe nilipaswa kuwaza ya kwangu ya ofisini. Mwanamke aliyekulia kwenye vilima vya Kilolo akibeba kuni kichwani hapandi mlima kama sisi: hatua fupi, mwendo mmoja, hasimami, haongei. Mwongozaji, kijana wa pale pale, alianza kwa kumwambia "Taratibu mama," na nusu saa baadaye alikuwa nyuma yake akipumua. Mpwa wangu akawa ananisubiri kwenye kila kona, "Mjomba, umefika?"

Tulisikia mbega wekundu wa Iringa kabla hatujawaona, matawi yakivunjika juu. Mwongozaji akatueleza pia kuhusu nyani mwingine wa msitu huo, mangabe wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye milima hii, na kwamba wanasayansi walimgundua 1979.

"Walimgundua," mama akarudia. "Kwani watu wa Sanje walikuwa hawamwoni?"

Kijana akacheka. "Walikuwa wanamwona, mama. Walikuwa hawajaulizwa."

Juu kule maji yanaanguka kwenye kidimbwi cha baridi ambacho unaruhusiwa kuogelea. Mpwa aliingia na kaptura, akatoka akitetemeka midomo ya bluu. Mama aliloweka miguu, akakaa akitazama bonde la Kilombero chini: miwa, mabati, barabara nyembamba, moshi wa kiwanda. Kwa ghafla akamuuliza kijana kuni wanatoa wapi watu wa kule chini. Akamwambia zamani vijiji viliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku maalumu, na tangu 2011 ruhusa hiyo haipo. Wamepanda miti, wengine wanatumia mkaa, wengine gesi, wengine, akasita, wanahangaika.

Nilitegemea mama atoe maoni. Ana maoni kuhusu kila kitu. Akaangalia mzigo wa matawi makavu uliokuwa umelala karibu na miguu yake, wa kutosha kupikia wiki mbili, ukioza vizuri kwa faida ya msitu. "Mvua za hapa zinatoka kwenye miti hii," akasema kijana, kwa upole, kama mtu aliyezoea kubishiwa. "Najua," mama akajibu. "Na maharage yanaiva kwa kuni." Hakusema tena mpaka tumefika chini, na mimi sijapata sentensi ya kuongeza hapo.

Siku ya tatu tulimpandisha mama basi la Iringa pale mji wa Mikumi. Anakwenda mbele, hifadhi iko nyuma yake, kwa hiyo safari hii hakuwa na mnyama wa kuona njiani ila ng'ombe. Sisi tukapanda la Dar, siti za kulia, mpwa dirishani. Kikapu cha bibi kilibaki kwetu na ndizi tatu.

Tulipoanza kuhesabu matuta, nyani walikuwa pale pale, wamekaa kwenye ukingo wa lami kama watu wanaosubiri daladala. Mtoto wa siti ya mbele yetu alikuwa ameshafungua kioo, ana biskuti mkononi. Mpwa wangu akaniangalia. Nikamwangalia yeye. Hakuna aliyetaka kuwa mtu yule wa kwenye basi anayefundisha watoto wa wenzake.

Mpwa akasimama, akamgusa bega. "Nipe mimi," akasema. "Yule atagongwa."

Mtoto akamtazama, akatazama biskuti, akaila mwenyewe. Kule nyuma utingo akapaza sauti kwamba kushoto kuna tembo, na basi zima likahama.